Nilijaza insha ya rafiki yangu wino mwekundu, sasa hasemi nami

Asalaam aleikum, Bi Mwalimu. Shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 20, kwetu ni Majengo, na niko mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Mombasa. Tuna somo la uandishi wa Kiingereza ambalo kila mwanafunzi lazima alipite, awe anasomea uhasibu, hoteli au umeme. Mwalimu ametugawa vikundi vya watu wanne wanne. Kila wiki mmoja wetu huleta insha yake, watatu waliobaki wanaisoma na kuandika maoni, kisha mwenyewe anairekebisha kabla ya kuipeleka kwa mwalimu. Kikundini kwetu niko mimi, rafiki yangu wa Likoni ambaye tuko pamoja tangu kidato cha kwanza, kijana mmoja Mgiriama kutoka Kilifi, na dada mmoja Mkamba aliyetuzidi umri kidogo, ana mtoto mchanga.

Wiki tatu zilizopita ilikuwa zamu ya rafiki yangu. Aliandika kuhusu nyanyake anavyovuka feri kila Alhamisi. Mwalimu alikuwa ametuambia neno moja tu: "Badilishaneni, msahihishane." Nikanunua kalamu nyekundu, nikaenda na ile insha nyumbani, nikakesha nayo. Sikukusudia ubaya, naapa. Muhula uliopita alianguka somo hili, na nilitaka safari hii apite. Nilipata makosa 37 katika ukurasa mmoja na nusu. Juu kabisa nikaandika 37, nikaizungushia duara, kama walimu wetu walivyokuwa wakitufanyia shuleni.

Kesho yake nilimrudishia mbele ya wenzetu. Aliitazama, akaikunja mara mbili, akaitia mkobani, akasema ahsante. Hakulia pale. Alilia kwenye feri akirudi kwao, nimeambiwa na binamu yake. Tangu siku hiyo ananisalimia kama anavyomsalimia mtu asiyemjua. Zamani tukinunua viazi karai vya shilingi hamsini tunakula sahani moja. Sasa anakula peke yake.

Kikundi nacho kimeharibika. Ilipofika zamu yangu nililetewa karatasi tatu. Kijana wa Kilifi aliandika kwamba kazi ni nzuri, niendelee hivyo hivyo. Yule dada aliandika neno moja, "Good". Rafiki yangu alitia tiki, basi. Nikafurahi, nikaipeleka kwa mwalimu. Nilipata 9 kwa 20, na maelezo kwamba ukurasa wa pili hauhusiani na wa kwanza. Wote watatu waliisoma! Hakuna aliyeniambia. Nilikasirika sana, halafu nikajiuliza, nani angethubutu kuniambia baada ya nilivyomfanyia mwenzao?

Kijana wa Kilifi anasema jambo lote hili ni kupoteza wakati: sote Kiingereza ni cha kujifunza, kipofu atamwonyeshaje kipofu njia? Siku hizi anapiga picha insha ya mtu, anaipa akili unde kwenye simu, anatuletea majibu yake. Halafu kikundini tumekatazwa kuzungumza Kiswahili, kwa hivyo muda mwingi tunatazamana tu.

Bi Mwalimu, nimwombeje msamaha rafiki yangu? Je, niwe naandika "nzuri" ili tuishi kwa amani? Na ni kweli kwamba hatuwezi kusaidiana? Nimekutumia picha ya insha yake yenye wino wangu, niliipiga kabla ya kumrudishia. Nilimtuma binamu yake aniombee ruhusa. Jibu lililorudi ni: "Atume tu, makosa si amekwisha kuyahesabu."

Mwenye Kalamu Nyekundu, Majengo

* * *

Waaleikum salaam, mamangu. Marahaba.

Insha ya rafiki yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilijilazimisha kuupita wino wako kama haupo, na nimefurahi nilifanya hivyo, kwa sababu nilimwona yule mzee. Yuko Likoni, jua halijachomoza. Kikapu cha ukindu kimefunikwa kwa leso kuukuu. Kandambili amezivua, amezishika mkononi, kwa kuwa mteremko wa kushukia feri umelowa. Lango linafunguliwa, watu wanatoka mbio, na sisi tuliovuka pale tunazijua mbio hizo. Yeye hakimbii. Anangoja umati upite, anashuka polepole, anakwenda kusimama pahali pake pale pale pa siku zote, upande unaotazama bahari kuu. Jioni anarudi na kikapu kitupu. Insha inaishia hapo.

Mara ya pili nikausoma wino. Katika alama zako 37, kumi na moja ni pale alipomwita nyanya "he" badala ya "she". Kumi na nne ni vile vineno "a" na "the" alivyovisahau au kuvichomeka pasipohitajika. Zilizobaki 12 ni mchanganyiko: nyakati za vitenzi, tahajia, koma. Umefanya kazi kubwa, sikatai. Ila nimetafuta kutoka juu hadi chini alama moja tu inayouliza kikapuni mlikuwa na nini, sikuiona. Nyanya anakwenda wapi? Kwa nini Alhamisi? Anapeleka vitumbua Marikiti? Ana mgonjwa wa kumtazama ng'ambo? Anazuru kaburi? Kila anayesoma ukurasa ule atataka kujua, na mwandishi hajasema. Hilo ndilo pengo la insha ile, kubwa kuliko yote 37 yakikusanywa pamoja, na wewe uliyeisoma usiku kucha hukuliona.

Hukuliona kwa sababu hukuwa unasoma. Ulikuwa unasahihisha. Rafiki yako alihitaji msomaji, ukampelekea mwalimu wa pili, tena mwalimu mwenyewe bado mwanafunzi.

Najua ulikoitoa tabia hiyo, wala si shuleni peke yake. Umekulia Majengo, nadhani umekaa madrasani ukasikilizana na mwenzako. Mmoja anasoma kwa moyo, mwingine ameshika msahafu, kidole kiko mstarini. Herufi ikiteleza, anamshika hapo hapo, na msomaji anarudia. Hakuna anayenuna, kwa kuwa maneno si yake wala si yako. Yameandikwa, hayabadiliki, na nyote wawili mnayatumikia. Ni namna nzuri mno ya kusoma na imewalea watoto wa mji huu vizazi na vizazi. Lakini insha haina msahafu wa kulinganishia. Ajuaye rafiki yako alitaka kusema nini ni yeye peke yake, na mara nyingi mwandishi mwenyewe hajui vizuri mpaka mtu amuulize. Ukishika kalamu nyekundu juu ya insha kama aliyeshika msahafu, unalinganisha na kitu ambacho hakipo.

Sasa tuyaangalie hayo makosa yenyewe, kwa sababu hapo pana jambo nataka ulione.

Yale 11 ya "he" na "she" si makosa 11. Ni moja. Kiswahili kina "yeye" tu, mwanamke na mwanamume sawa, na Kigiriama na Kikamba vivyo hivyo. Anayefikiri kwa lugha hizi na kuandika kwa Kiingereza, mkono unamtangulia. Si kwamba rafiki yako hajui kuwa nyanyake ni mwanamke! Yale 14 nayo ni kosa moja, kwa sababu Kiswahili hakina vineno hivyo, na kujua lini vinakuja na lini haviji huchukua miaka. Kwa hivyo ukweli ulikuwa hivi: rafiki yako ana mazoea mawili ya kuyafanyia kazi na visahihisho vichache vya kawaida. Wewe ulimwambia ni mjinga mara 37, ukaipigia duara.

Na kuna mahali umekosea wewe. Aliandika "the news was good", ukafuta ukaweka "were". Yeye ndiye aliyepatia. Neno hilo kwa Kiingereza huchukuliwa umoja. Ni sisi tunaosema habari zilikuwa nzuri, ndipo sikio lako likadai wingi. Umefanya vivyo hivyo kwenye "luggage", ukaongeza herufi isiyotakiwa, kwa kuwa kichwani ulisikia mizigo. Unaona? Kiswahili kilichomkwaza yeye kwenye "he" ndicho kilichokukwaza wewe kwenye habari. Hapo kijana wa Kilifi ana sehemu ya haki: katika sarufi, wanafunzi wanaotoka lugha moja au lugha ndugu wanaweza kudanganywa na jambo lile lile kwa pamoja, na wakakubaliana wote wanne juu ya kosa.

Lakini lililoniuma zaidi ni aya ya pili. Aliandika kwamba asubuhi ile bahari ilikuwa imelala, kwa Kiingereza "the sea was sleeping". Ukakata, ukaandika "calm". Mamangu, hilo halikuwa kosa. Ni Kiswahili kilichovaa nguo ya Kiingereza, na ilimkaa vizuri. Mzee ameamka, mji unaamka, bahari bado imelala. Uliondoa sentensi nzuri kuliko zote katika ukurasa ule ukaweka neno ambalo mtu yeyote angeliweka. Usimpe mwandishi maneno yako badala ya yake. Kama una shaka, weka alama ya kuuliza kwa penseli, umuulize mkikutana.

Kuhusu sarufi, wataalamu wa ufundishaji lugha wenyewe walizozana. Mwaka 1996 John Truscott aliandika kwamba kusahihisha sarufi katika insha za wanaojifunza lugha ya pili hakuwasaidii, tena kunadhuru, afadhali kuachwe. Mwaka 1999 Dana Ferris akamjibu kwamba amevuka mpaka, kwamba masahihisho yakiwa wazi na yakichaguliwa vizuri yana faida. Mimi nimefundisha lugha hapa mjini miaka mingi na niko karibu zaidi na huyo wa pili, kwa sharti moja: sarufi ije mwisho, rasimu ikishatulia, na ije tabia moja kwa wakati. Mwambie mtu, "wiki hii angalia 'he' na 'she' peke yake," atarudi ameyapata yote 11 kwa macho yake. Mwenye kuyapata mwenyewe hayasahau upesi.

Nije kwa kipofu na kipofu. Mwambie huyo kijana asome jambo hili kwa makini, kwa sababu linamhusu yeye hasa. Mwaka 2009 Kristi Lundstrom na Wendy Baker walichapisha utafiti walioufanya Marekani, jimbo la Utah, kwa wanafunzi 91 wa madarasa tisa waliokuwa wakijifunza kuandika Kiingereza kama lugha ya pili. Wengine walifundishwa kutoa maoni tu juu ya insha za watu wengine. Wengine walifundishwa kupokea maoni tu na kuyatumia. Mwisho wa muhula wakapimwa kwa insha zao wenyewe. Waliopanda zaidi ni wale waliokuwa wakitoa. Na miongoni mwa hao watoaji, waliofaidi zaidi ni wa ngazi ya chini, wale ambao ungedhani hawana la kumwambia mtu.

Mimi halikunishangaza. Muulize yeyote aliyehifadhi: anayekaa na msahafu kumsikiliza mwenzake, yake mwenyewe ndiyo inayokazika. Insha ya mwenzako unaiona kwa mbali, hujui alichokusudia, unacho kilichoandikwa tu. Hapo ndipo unaona aya imeruka, mtu katajwa hakuelezwa, mwisho umekuja ghafla. Ukilizoea jicho hilo, jioni moja unaligeuza kwenye daftari lako. Ule ukurasa wako wa pili uliokutoroka, mamangu, usingekutoroka kama ungekuwa umeisoma insha ya rafiki yako kama msomaji. Yako ilikuwa na ugonjwa wa jamaa mmoja na wa kikapu: jambo limo kichwani mwa mwandishi, halikufika kwenye karatasi.

Sitakuficha kwamba wanafunzi wengi, wakiambiwa wachague maoni ya mwalimu au ya mwenzao, humchagua mwalimu. Shuqiang Zhang aliwauliza 81 waliokuwa wakisoma Kiingereza Marekani, akachapisha majibu yao mwaka 1995, na ndivyo ilivyokuwa. Nawaelewa. Lakini ninyi hamjalazimishwa kuchagua. Kikundi ni kwa rasimu, mwalimu ni kwa kilichokamilika, na kila mmoja ana kazi yake.

Kwa sababu hiyo hiyo simu ikae mkobani mpaka mwisho. Sina ugomvi na akili unde. Ila kama faida kubwa inamwendea anayesoma, basi kijana huyo akiipa simu isome kwa niaba yake, faida ameipa simu.

Ulinyimwa wewe pia, na hili la "Good" na tiki ni kubwa kuliko linavyoonekana. Joan Carson na Gayle Nelson waliwachunguza wanafunzi wa Kichina katika vikundi kama chenu huko Marekani, wakaandika mwaka 1996 kwamba walikuwa wakijizuia kusema wanachokiona ili wasiharibu uelewano. Nilipoisoma habari hiyo niliwaona watu wa Pwani. Sisi tumelelewa kumstahi mtu. Mgeni akikuletea chakula kimezidi chumvi, unakula unasema ahsante. Ni adabu nzuri na sitaki uiache. Lakini stara maana yake ni kumfunika mwenzako asiaibike, na aibu ya rafiki yako haikuwa kuambiwa. Ilikuwa ile namba juu ya karatasi, mbele za watu, bila neno hata moja la kumwonyesha kwamba nyanyake ameonekana. Nao wenzako, kwa kukustahi, wamekuacha uende kwa mwalimu na ukurasa uliopotea. Ukianza nawe kuandika "nzuri", amani mtaipata, na kila mwezi mtagawana 9 kwa 20.

Basi useme vipi? Kuna mwalimu wa Taiwan, Hui-Tzu Min, aliyeandika mwaka 2005 jinsi alivyowazoesha wanafunzi wake kabla ya kuwaacha wasomeane. Hakuwaambia "sahihishaneni" akaketi. Aliwafundisha hatua nne: kwanza hakikisha umeelewa mwandishi alikusudia nini, kisha taja mahali penye tatizo, eleza kwa nini ni tatizo, halafu pendekeza jambo mahususi. Baada ya mafunzo, maoni ya wenzao yaliingia katika marekebisho kwa wingi kuliko kabla. Ningekuwa mimi ndiye niliyepewa insha ya feri, ningeandika chini yake kwa penseli:

"Nimemwona nyanya anavyongoja watu wapite ndipo ashuke. Nafikiri unataka tujue kuwa ana utulivu ambao wengine hawana, au nimeelewa vibaya? Nilipofika kwenye kikapu kitupu nilipotea. Sikujua asubuhi kilikuwa na nini, kwa hivyo sikujua nifurahi au nihuzunike. Pengine ungetuonyesha anavyokipakia nyumbani kabla ya kutoka. Bahari iliyolala usiiguse."

Sentensi tano sita. Hazikuhitaji mtu ajue Kiingereza kuliko yeye, zilihitaji mtu aliyesoma kwa moyo. Na angalia hakuna "umekosea" ndani yake. Kuna "nilipotea". Mwandishi hawezi kubishana na hilo, kwa sababu ni habari yako wewe, na hawezi kuona haya kwalo, kwa sababu aliyepotea ni wewe.

Utaona pia nimeyaandika kwa Kiswahili. Hapa nataka mwende kwa mwalimu wenu, nyote wanne, mwombe kwa adabu awaruhusu. Olga Villamil na María de Guerrero waliwasikiliza wanafunzi wa Puerto Rico wakirekebishana insha za Kiingereza wawili wawili, wakaandika mwaka 1996 kwamba Kihispania, lugha ya nyumbani kwao, kilikuwa chombo chao kikuu cha kufanyia kazi hiyo. Kwa lugha hiyo ndipo walipoifikia maana. Ninyi mnakaa mnatazamana kwa kuwa mmenyimwa chombo. Insha iandikwe kwa Kiingereza, isomwe kwa sauti kwa Kiingereza, lakini "hapa ulitaka kusema nini hasa?" iulizwe kwa lugha ambayo mtu anaweza kuijibu. Wewe wa Majengo, huyo wa Kilifi, yule dada wa Ukambani, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Mkiwa kwa mwalimu mwombeni pia atoe kipindi kimoja awaonyeshe, kwa insha ya mtu asiye darasani, namna ya kusoma na kutoa maoni. Kuwaambia "msahihishane" bila kuwaonyesha ni kuwapa mtumbwi bila kafi. Simlaumu, pengine ana madarasa sita. Lakini aombwe.

Sasa rafiki yako.

Usimwandikie kwenye WhatsApp. Usimtume tena binamu yake. Jibu ulilopewa linatosha kukuonyesha jeraha liko wapi. Nenda mwenyewe. Ukiweza msubiri jioni baada ya masomo, uvuke naye. Wa miguu halipi, na dakika chache zile za mkondo ni za kutosha. Mwambie namba ile hukupaswa kuiandika, na kumpa mbele za watu hukupaswa. Ishie hapo. Usianze kumweleza kwamba ulitaka apite, kwamba hukulala usiku. Hayo ni kweli, lakini ukiyasema wakati huu utakuwa unaomba akuhurumie wewe. Mwambie pia kuwa kwenye "news" na "luggage" yeye ndiye aliyepatia. Hilo ni deni, mlipe kwa mdomo wako, na kikundi kikikutana lirudie mbele ya wenzenu, kwa kuwa mbele yao ndipo ulipomkosea.

Kisha toa insha yako, ile ya 9 kwa 20, yenye wino wa mwalimu vile vile ilivyo, umpe. Usimwambie akusahihishie. Mwambie, "Nionyeshe ulipopotea." Akisema hataki, usimlazimishe, mwachie karatasi. Huenda ikachukua wiki. Watu mliokula sahani moja tangu kidato cha kwanza hamtaachana kwa ukurasa mmoja na nusu, lakini yeye ndiye atakayepanga siku.

Yule dada mwenye mtoto, mwombeni aanze yeye kusomewa mkikutana tena. Amewazidi umri na hakuumizwa na mtu, kwa hivyo woga utakuwa mdogo. Asome insha yake kwa sauti mara mbili na ninyi msishike kalamu yoyote mara ya kwanza. Kalamu yako nyekundu mpe mdogo wako achoree.

Na siku rafiki yako akikubali kuzungumza nawe, usianzie kwenye Kiingereza. Muulize kikapuni mlikuwa na nini. Nami nangojea jibu tangu juzi.